Kamba ya Siku na Safari ya Iringa

Mwalimu mkuu ameniomba niandike mambo machache kwa ajili ya walimu wanaobaki kitengoni, kabla sijasahau. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kusahau ndiyo kazi niliyoitamani kwa muda mrefu. Lakini nimekaa nyumbani wiki chache tu na hata kukaa kwenyewe kumenichosha, basi naandika. Kuhusu vyeo na mshahara sina la kuwaambia ambalo hamlijui, na tukianza huko tutalia wote.

Nilifika shule hii ya Iyunga nikiwa kijana, nimesomea kufundisha jiografia, na kwapani nimebeba ramani ya Tanzania niliyoichora mwenyewe kwenye mfuko wa salfeti. Jiografia ilikuwa tayari ina mwalimu. Kitengo cha elimu maalumu ndicho kilichokuwa hakina, kwa sababu aliyekuwepo aliomba uhamisho, na aliyemfuata aliugua ghafla alipokiona chumba. "Shika pale kwa muda," nikaambiwa. Muda wenyewe ndio huu umekwisha juzi.

Chumba kilikuwa stoo ya majembe. Siku ya kwanza mtoto mmoja aliniuma mkono, mwingine akavua nguo zake zote na kuzikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi, na wa tatu akalia tangu kengele ya asubuhi hadi ya kwenda nyumbani. Mchana nikakaa sakafuni nikalia naye. Sista Imakulata, mtawa aliyekuwa akija kutusaidia kutoka parokiani, alinitazama bila kunibembeleza.

"Ukimaliza kulia," alisema, "nishikie huu mguu nimfunge kiatu."

Mafunzo yangu ya kazi yalianza hivyo. Sista alikuwa mfupi, mkali, na mikono yake ilinuka sabuni ya mche siku zote. Yeye ndiye aliyenifundisha kamba ya siku, ile mnayoiona imefungwa ukutani kutoka msumari hadi msumari. Watoto wetu wengi wana usonji, ingawa miaka ile neno hilo halikuwa limetufikia. Sisi tulisema tu "wale wa peke yao". Ukimwambia mtoto wa namna hiyo kwamba baada ya uji tutanawa, maneno yanampita kama upepo. Lakini ukitundika kijiko, halafu kipande cha sabuni, halafu chaki, anaiona siku yake yote imepangwa mbele yake. Jambo likiisha anachomoa kitu chake kwenye kibanio, anakitupa kwenye ndoo, na anajua kinachofuata. Mtoto akijua kinachofuata, nusu ya kilio haipo.

Sheria ya Sista ilikuwa moja. "Kamba haisemi uongo. Usitundike kisichotokea, na kisichotundikwa kisitokee." Mimi naongeza ya kwangu: msitundike ndizi ya kweli kumaanisha matunda. Niliwahi kufanya hivyo, na mtu akaila saa nne yetu, yaani ndizi yenyewe, kabla hata hatujamaliza uji.

Miaka ikapita. Sista akahamishwa, akazeeka, akafa huko alikohamishiwa, na mimi nikawa ndiye mkali na mfupi wa kitengo. Magoti yakaanza kulalamika, maana kazi hii hufanyika chini, kwa kuchuchumaa. Nataka kuwaeleza habari za mtoto mmoja, kwa sababu mtaikuta alama yake kwenye kamba na hakuna mwingine wa kuwaelezea.

Sekela aliletwa na mama yake akiwa na miaka sita. Mama alikuwa akiuza viazi barabarani, baba alikuwa fundi wa malori kwenye gereji hapo hapo Iyunga. Sekela alikuwa hasemi, haangalii mtu usoni, na alikuwa na tabia ya kulaza sikio lake kwenye vitu: mlango, bomba la maji, mguu wa meza. Nilidhani anapenda ubaridi wake. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anavaa viatu mwenyewe, anakula bila kumwaga, na anaifuata kamba kuliko sisi walimu tunavyofuata ratiba. Kwetu huo ni ushindi wa kuchinjia jogoo. Nyumbani kwao baba hakuuona, kwa sababu alitoka gizani na kurudi gizani.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeaibika. Mnajua kwetu huku mtoto asiyetoa shikamoo si mtoto mgumu tu, ni kwamba hakulelewa. Alikuwa akienda naye kanisani, wazee wananyoosha mkono wasalimiwe, Sekela anapita katikati yao kama anapita kati ya miti ya kahawa. Mwishowe akaacha kwenda naye.

Basi usharika mmoja wa mjini ukaamua kuwapeleka watoto wa kitengo likizo ya siku tatu Iringa, kwenye bustani mpya ya michezo ya watoto, yenye mabembea, treni ndogo na puto kubwa la kurukia linalojazwa upepo. Walisema na wao wafurahi kama watoto wengine. Mimi ningechagua choo kipya, lakini hakuna aliyeniuliza. Kila mtoto alitakiwa kwenda na mzazi mmoja. Mama Sekela alikuwa na kichanga, kwa hiyo ikabidi baba aende. Nilimfuata gereji, akatoka chini ya lori akijifuta mikono.

"Madam, mimi nitakwenda," aliniambia. "Lakini nakwambia mapema, hii safari ndiyo mtihani wake. Akishindwa kukaa na watoto wa watu, shule ikifunguliwa simleti. Nampeleka Tukuyu kwa bibi yake. Mama yangu ana nafasi."

"Tukuyu hakuna kitengo karibu na kwenu, Baba Sekela."

"Kuna migomba. Hakuna wa kumcheka."

Nafasi ya namna hiyo nimeiona katika nyumba nyingi. Huwa ni chumba cha nyuma chenye komeo upande wa nje. Siku ya kuondoka mama yake alikuja hadi kwenye gari, mtoto mgongoni, akanishika mkono hakuuachia. "Madam, naomba unirudishie Sekela akiwa bado mwanafunzi," alisema. Nikamwambia nitajitahidi. Kwa kweli nilitamani kurudi kulala.

Nilikuwa nimemtengenezea Sekela kamba yake ndogo ya safari, ya kuvaa shingoni. Kwanza kipande cha kiti cha gari kilichochanika, kumaanisha gari. Halafu karatasi ya chooni, ndiyo kuchimba dawa njiani. Kijiko, chakula cha Makambako. Kipande cha blanketi, kulala hosteli ya kanisa kule Mlandege. Kisha kigurudumu cha plastiki, ndiyo michezo, na kipande kingine cha blanketi kwa usiku wa pili. Mwisho kabisa, kipande cha kitenge cha mama yake, nyumbani. Kwa wiki mbili kabla ya safari tuliipitia kila siku hadi akaijua kwa vidole.

Ilikwenda vizuri mno, na mimi jambo likienda vizuri mno huanza kulitilia shaka. Coaster ilitoka na ukungu wa Iyunga, Sekela akalaza sikio kwenye bati la gari na kutulia. Igawa tukachimba dawa, karatasi ikaenda kwenye mfuko. Makambako baridi ilitukata masikio, tukala, kijiko nacho kikaenda. Baba yake alikaa kiti cha nyuma yetu, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Baada ya Mafinga alisogea mbele kidogo akasema, "Kumbe anaweza." Nikatazama dirishani, niliogopa kuharibu.

Tulipokaribia Ipogolo, jioni, baba yake aliinuka kwenda kwa dereva. Kisha akanigeukia.

"Madam, dakika tano tu. Shangazi yangu anakaa hapa Ipogolo, ameolewa hapa. Ananingojea. Siwezi kupita mlangoni kwake kama mwizi."

Ningesema nini? Hebu niambieni ninyi. Kwetu salamu si shughuli inayowekwa kwenye ratiba. Ni kama kupumua, hakuna anayeipangia saa. Wazazi wote ndani ya gari wakaitikia, ndiyo, tumsalimie mama yetu, na dereva alikuwa amekwisha kukata kona. Hata mimi, mwenye kamba, mwanafunzi wa Sista, nilianza kufunga kitambaa changu vizuri ili nikasalimie.

Shangazi alikuwa bibi mrefu, mnyoofu, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Alitutokea uani na "kamwene" ya Kihehe kwa wote na "ndaga" ya Kinyakyusa kwa mpwa wake, na ndani tukakuta mikeka imetandikwa, chai imechemka, kuku ameiva. Dakika tano za Ipogolo ndizo hizo. Wazee wa jirani walikuwa wamekuja kuona wageni wa Mbeya. Tukaketi. Mzee mmoja akasimama ili atuongoze kwa sala.

Sekela aliangalia kamba yake. Kijiko kilikwisha kwenda. Kilichofuata kilikuwa blanketi.

Akapita katikati ya wazee wote bila salamu, akasukuma pazia la chumbani kwa shangazi, akapanda kitandani na viatu vyake vyenye tope la Makambako, akajifunika hadi kichwani.

Halafu mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwinua baba yake. Aliingia chumbani akamvuta mguu. Sekela akapiga ukelele ambao naamini ulisikika hadi barabara kuu, akang'ang'ania mbao ya kitanda, akaanza kujigonga kichwa. Niliingia nikaweka mkono wangu kati ya kichwa na mbao. Hiyo ni kanuni nyingine ya kazi hii: kwanza weka mkono, maneno baadaye. Vidole vyangu viwili bado havikunjiki sawasawa wakati wa baridi.

"Mwache, Baba Sekela. Toka nje kidogo."

"Nimekwambia, Madam!" Hakutoka. "Nimekwambia mapema! Mbele ya shangazi yangu! Basi imekwisha. Anaenda Tukuyu."

Shangazi alikuwa amesimama pale kwenye pazia, anaangalia tope kwenye shuka lake. "Mtoto gani huyu asiyejua watu?" aliuliza, na hakuuliza kwa upole. Nikiwa nimepiga magoti, mkono umebanwa, nikamweleza habari ya kamba kwa ufupi: gari, dawa, chakula, kulala. Nilichoka kiasi kwamba hata sikuchagua maneno. Alisikiliza, akainama akaishika kamba, akakigusa kipande cha blanketi.

"Kwa hiyo aliambiwa sasa ni kulala."

"Ndiyo, bibi."

"Naye akatafuta kitanda."

"Ndiyo."

Bibi akamgeukia mpwa wake. "Sasa aliyekosa ni nani? Mtoto kafanya alichotumwa. Wewe ndiye umenichomeka mimi katikati." Akamvua Sekela viatu mwenyewe, taratibu, akaviweka mlangoni, akaenda kuwapakulia wageni. Baba Sekela alikula akiwa amesimama nje. Uamuzi wake ulikuwa bado uleule, nilimwona kwenye mabega.

Kesho yake tukaenda bustanini. Watoto wetu wengine walitawanyika, wengine wakifurahi, wengine wameziba masikio, maana palikuwa na spika kubwa kila kona. Wenzangu mtakaopeleka watoto sehemu kama hizo, fikeni mapema kabla muziki haujawashwa, na mtafute kona tulivu kabla hamjatafuta bembea. Sekela tulimwonyesha treni, akaipa mgongo. Puto la kurukia likamtisha. Bembea aliishika mnyororo tu, akauachia. Halafu akaturudisha wote wawili hadi mlangoni, kwenye lile geti la chuma linalozunguka, la kuingia mtu mmoja mmoja.

Akalizungusha. Likalia ka, ka, ka. Akalizungusha tena.

"Tumetoka Mbeya," alisema baba yake polepole, "kuja kuzungusha geti."

Dada wa getini alikuwa mstaarabu. Alipoona mtoto anangoja mtu aingie kabisa ndipo asukume, akamwacha afanye kazi. Watu wakawa wanaingia, Sekela anazungusha. Baba yake alijitenga hatua kadhaa, akasimama kama mtu asiyetujua. Mimi nikakaa kwenye benchi, nikatia mkono uliovimba kwenye mfuko wa koti na kufikiri maneno ya kumwambia mama yake.

Watu walipopungua, Sekela akazungusha geti tupu, akalaza sikio lake kwenye nguzo. Akazungusha tena, akasikiliza. Mara ya tatu, baba yake akageuza kichwa. Akasogea. Akamwangalia mtoto, akaangalia geti, kisha akachuchumaa, akalaza sikio lake upande wa pili wa nguzo ileile. Sekela akazungusha.

"Bearing," alisema. "Madam, bearing ya chini, ile ya kulizungushia, imekufa. Inasaga." Alisikiliza tena. "Anasikiliza bearing huyu!"

Walibaki hapo, sikio huku na sikio kule, baba akimsaidia kusukuma geti, na Sekela hakumkimbia. Siwezi kuwadanganya kwamba alimtazama au alitabasamu. Alimwacha tu akae, na kwa Sekela hilo ni jambo kubwa. Kila nilipopita gereji pale Iyunga nilikuwa nimewaona mafundi wakitega sikio kwenye injini hivyo hivyo, wala sikuwahi kuunganisha.

Mchana baba yake alikuja kukaa nami kwenye benchi. Akaniomba kamba ya Sekela, akaishika kwenye mapaja yake na kupitia vilivyobaki, kigurudumu, blanketi la pili, kitenge.

"Hiki ni cha mama yake."

"Ndiyo."

"Na mimi niko wapi?"

Ningeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini nilikuwa nimechoka, mkono unauma, na mtu aliyechoka hana nguvu za kutafuta uongo.

"Hupo, Baba Sekela. Kamba inabeba yanayotokea tu."

Alinirudishia kamba, akarudi getini. Kesho yake, kwenye gari la kurudi, alikaa tena nyuma yetu. Tulipofika Ipogolo alimwambia dereva asisimame, akapunga mkono dirishani, na kwa mtu wa kwetu mnajua hilo lilimgharimu. Iyunga nilimkabidhi Sekela kwa mama yake. Aliniuliza kwa macho, nikamwambia sijui. Sikujua kweli.

Shule ilipofunguliwa Sekela hakuja. Nikatundika vitu vya kila mtoto, na kibanio chake kikabaki kitupu. Kesho yake pia hakuja. Walimu wenzangu wakasema huenda ana mafua. Mimi nilikuwa nauona mgomba na komeo. Nimepoteza watoto wengi kwa njia hiyo, bila mazishi, na hakuna aliyewahi kunipa pole kwa hilo. Nawaambia mapema ili mjue: kinachochosha katika kazi hii si watoto.

Kilichofuata, asubuhi ya siku ya tatu, nilikisikia kabla sijakiona. Mlango wa kitengo ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa. Sekela alikuwa amelaza sikio kwenye bawaba. Nyuma yake alisimama baba yake, amevaa ovaroli ya kazi.

"Shikamoo, Madam. Samahani kwa siku hizi. Nilikuwa natafuta kitu cha kufaa," alisema, akatoa mfukoni nati kubwa ya tairi la lori. "Nimeiosha kwa petroli, halafu kwa sabuni. Haina grisi, hata akiitia mdomoni." Akainyoosha kwangu, lakini macho yake yalikuwa kwenye kamba. "Jumamosi atakuwa anakuja na mimi gereji. Nimeshamwambia mama yake. Itundike."

Nikamwambia aitundike mwenyewe. Kibanio hakikuweza kuibeba, ikaanguka mara mbili, mwishowe akaifunga kwa waya.

Sekela bado mnaye, yuko pale kwenye meza ya dirishani. Hajaanza kusema. Salamu bado hampi mtu, na shangazi wa Ipogolo, nasikia, mtoto akienda kule humtandikia kitanda kwanza. Mimi sasa napumzika. Mtaikuta nati ile upande wa kulia, ni nzito, na kamba imelegea kwa ajili yake. Msiikaze.